Mdogo wangu amejifungua mtoto njiti: sisi ndugu tuwasaidie vipi?

Swali: Mdogo wangu amejifungua katika wiki ya 28. Mtoto ni wa kike, alizaliwa na gramu 1,080, na leo ni siku ya 9 yuko wodi ya watoto wachanga mahututi. Amewekewa mashine ya kusaidia kupumua puani na mpira wa kulishia. Mdogo wangu ameruhusiwa, ila anashinda hospitali. Akirudi usiku analia, anasema anaogopa hata kumgusa mwanawe. Maziwa yanatoka matone. Shemeji hasemi kitu. Ndugu wanauliza kila saa mtoto anatoka lini, na wanataka kwenda kumwona. Mimi hata hongera sijampa, niliona haifai. Tuwasaidie vipi bila kuwaongezea mzigo?

Jibu: Dada, poleni sana nyumba nzima. Nimekuwa muuguzi wa watoto njiti kwa miaka mingi, na swali kama lako mara nyingi hunifikia likiwa limechelewa, mtoto ameshatoka wodini na mama ameshachoka kupita kiasi. Wewe umeuliza siku ya 9. Bado yapo mengi ya kufanya.

Ndugu wengi hudhani kwamba hospitali ndiyo inayomtibu mtoto na wazazi wako pale wanangoja tu. Kwa mtoto njiti mambo hayako hivyo. Kifua cha mama, maziwa yake na sauti yake ni sehemu ya matibabu, na baba naye ana sehemu yake. Kwa hiyo kila mnapotaka kufanya jambo, jiulizeni kwanza: hili litawaongezea wazazi muda wa kukaa na mtoto, au litawapunguzia? Mimi naupima msaada wote wa ndugu kwa swali hilo.

Elimu hii ilizaliwa na shida. Mwaka 1978 huko Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na wodi iliyofurika. Inkubeta, yaani vile visanduku vya kuwatunzia watoto joto, hazikutosha; watoto walilazwa wawili watatu katika moja na kuambukizana. Akaanza kuwaweka vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, wakiwa wima. Mwenzake Héctor Martínez akaiendeleza kazi hiyo, nayo ndiyo tunayoiita leo huduma ya kangaruu. Kwa muda mrefu tuliamini inamfaa mtoto aliyekwisha kutulia. Kisha ukaja utafiti uliofanyika katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, uliotolewa mwaka 2021. Watoto wa kilo 1 hadi gramu 1,799 walianza kubebwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, bila kungoja watulie, kwa takriban saa 17 kwa siku. Hadi siku ya 28, walikuwa wamefariki 12 katika kila 100. Katika kundi la pili, lililofuata utaratibu wa zamani, walikuwa karibu 16. Novemba 2022 Shirika la Afya Duniani likatoa mapendekezo mapya: mtoto njiti au mwenye uzito mdogo abebwe kangaruu saa 8 hadi 24 kwa siku, mapema kadiri inavyowezekana.

Nakusimulia haya kwa sababu ya jambo moja katika utafiti ule ambalo watu hulipita. Mama alipokuwa hawezi, mtu mwingine wa karibu alimbeba mtoto badala yake. Wewe ni mama mkubwa wa mtoto huyu, na kifua chako kina joto lile lile. Muulize muuguzi wa zamu kama wodi yao inaruhusu. Wakikubali, nenda umeoga, hujapaka manukato, umevua pete, bangili na saa, umekata kucha, na umevaa nguo yenye vifungo mbele. Mashine ya puani si kizuizi. Wauguzi ndio watakaomhamisha na kuishika mipira yake. Kaa naye saa nzima au zaidi, maana kumtoa na kumrudisha humchosha, na akikaa muda mfupi anakuwa amechoka bila kupumzika. Muda huo ambao wewe umembeba, mdogo wako anaweza kulala usingizi wa kweli akijua mtoto yuko mikononi mwa mtu wake. Ila wazazi wapewe nafasi ya kwanza. Wewe ingia pale walipoishia.

Sasa hofu yake ya kumgusa. Niliwahi kumhudumia mama aliyekaa siku 11 bila kumgusa mwanawe. Si kwamba hakumpenda. Hakuna aliyemwambia kwamba anaruhusiwa, nasi tuliomzunguka tulidhani mwenzetu ameshamwambia. Mpaka leo jambo hilo linaniuma. Basi mwambie mdogo wako wazi: anaruhusiwa, na amwombe muuguzi amwonyeshe namna. Mtoto wa wiki 28 ana ngozi nyembamba na fahamu zake bado changa. Kumpapasapapasa kwa ncha za vidole, kama tunavyombembeleza mtoto aliyetimia, kunamsumbua. Kinachomtuliza ni mkono uliotulia. Mama anawe, apashe viganja joto, kimoja akiweke taratibu kichwani, kingine kizishike nyayo zilizokunjwa, kisha atulie tu. Mtoto atajihisi amezungukwa, kama alivyokuwa tumboni. Akitanua vidole, akipiga miayo au kwikwi mfululizo, au rangi ikibadilika, anaomba kupumzika. Hajamkataa mama yake. Na azungumze naye kwa sauti ya chini. Sauti hiyo mtoto aliizoea tangu akiwa tumboni, na ni moja ya vitu vichache anavyovifahamu katika chumba kile.

Kuna swali ningependa mdogo wako alizoee, alitamke kila asubuhi zamu ikibadilika: "Leo naweza kumfanyia nini mwenyewe?" Kubadilisha nepi, kumpaka tone la maziwa mdomoni, kupima joto, kushika bomba la sindano wakati maziwa yanateremka kwenye mpira. Hizi si kazi za kumpoza mama. Mwaka 1979 huko Tallinn, Estonia, daktari Adik Levin alipungukiwa na wauguzi, akawaachia akina mama sehemu kubwa ya matunzo ya watoto wao wodini. Baadaye madaktari wa Kanada wakajifunza kwake, wakaupima utaratibu huo katika wodi 26 za Kanada, Australia na New Zealand. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2018 yalionyesha kwamba watoto waliotunzwa na wazazi wao waliongezeka uzito haraka zaidi, na wazazi wenyewe walikuwa na msongo na wasiwasi mdogo zaidi. Mikono iliyopewa kazi huogopa kidogo.

Kuhusu maziwa, hapa ndipo ndugu wanaweza kujenga au kubomoa kwa neno moja. Usimruhusu mtu yeyote amuulize "yametoka mangapi?" au aseme "haya hayatoshi." Mtoto wa kilo moja huanza kwa mililita moja au mbili kwa mlo, kwa hiyo matone yale ambayo mdogo wako anayaonea aibu ni chakula chake hasa. Zaidi ya chakula, ni kinga. Maziwa ya mama hupunguza hatari ya ugonjwa mbaya wa utumbo unaowaandama watoto njiti, na hakuna maziwa ya kopo yanayoweza kufanya kazi hiyo. Ili yaongezeke anapaswa kukamua mara 8 au zaidi kwa saa 24, usiku ukiwamo, kwani matiti hutengeneza kufuatana na yanavyotolewa. Sasa fikiria mtu aliyejifungua siku 9 zilizopita, anakamua mara 8, anaosha na kuchemsha vifaa mara 8, anasafiri, na bado anapika. Haiwezekani. Kukamua ni kazi yake yeye tu. Kuosha, kuchemsha, kuandika majina na saa kwenye vyombo, kuyawahisha hospitali yakiwa yamehifadhiwa kwenye ubaridi, hizo zichukueni nyinyi. Ampe mtoto kipande cha kitambaa safi alale nacho, kisha akae nacho usiku anapokamua. Harufu ya mtoto, au hata picha yake, huwasaidia wengi maziwa kuteremka. Wakati mzuri kuliko yote ni mara tu baada ya kumbeba kangaruu. Na msipeleke chochote cha kumpa mtoto kutoka nyumbani, wala maji, wala dawa za asili, hata kama bibi yake aliwalea kumi kwa dawa hiyo.

Mdogo wako naye ni mzazi wa siku 9, na nyumba nzima ikiwa imemwangalia mtoto, mwili wake husahaulika. Nimewahi kuona mama akidondoka kando ya inkubeta kwa upungufu wa damu ambao hakuna aliyeufuatilia. Akipata homa, akitokwa damu nyingi au yenye harufu mbaya, akiumwa kichwa kikali au kuona maruweruwe, mguu mmoja ukivimba, au kidonda cha upasuaji kikitoa usaha, apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Ikiwa alijifungua mapema kwa sababu ya presha, jambo hili ni la kufuatiliwa kwa karibu zaidi. Ale vizuri. Akae kwenye kiti chenye mgongo. Msimwambie "ukihitaji kitu niambie," kwa sababu hana nguvu ya kufikiri anahitaji nini. Mwambieni, "Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nakuletea chakula cha mchana mlangoni mwa wodi, nguo za nyumbani nafua mimi." Kama kuna watoto wengine nyumbani, mmoja wenu awachukue, na aambiwe awaeleze ukweli kwa maneno madogo: mdogo wenu amezaliwa mapema, madaktari wanamsaidia akue. Watoto wakifichwa hutunga yao, na mara nyingi hujilaumu.

Ndugu wanauliza anatoka lini. Hakuna anayeweza kuwajibu leo, na kila wanapouliza wanamkumbusha mama kwamba hajui. Kwa makadirio, wengi wa umri wake hutoka wakikaribia tarehe waliyotarajiwa kuzaliwa, wengine mapema kidogo, wengine baadaye. Kwa huyu mtoto hiyo ni kama wiki 12 kuanzia siku aliyozaliwa. Uzito peke yake hauamui. Lazima apumue bila msaada, atunze joto lake mwenyewe, na anyonye akapumua akameza kwa mpangilio, ustadi ambao huanza kukaa sawa kuanzia wiki ya 32 hadi ya 34. Siku za mwanzo hupungua uzito; ni kawaida, msishtuke. Zitakuja siku atakazosahau kupumua kwa sekunde 20 au zaidi, mashine itapiga kelele, muuguzi atamsugua unyayo na ataendelea. Ubongo wake bado mchanga, na mara nyingi tunawapa kafeini kuusaidia. Ataondolewa mashine kisha arudishiwe. Mambo hupanda na kushuka hivyo, na siku ya kurudishiwa mashine ndiyo siku ambayo mama humhitaji mtu wa kukaa naye kimya. Mdogo wako ajifunze kumtazama mtoto kabla ya kuitazama mashine: rangi yake, kifua kinavyopanda. Mara nyingi kilichosababisha kelele ni kifaa kilichoteleza kutoka mguuni.

Kwa hiyo chagueni mtu mmoja wa kupeleka habari, na ningependa awe wewe. Mdogo wako akutumie ujumbe mmoja jioni, wewe uwaambie wengine. Maswali yote yaje kwako. Na badala ya "anatoka lini," muulize, "Leo amefanya nini?" Hapo atakueleza kwamba leo alifungua macho, au amekubali mililita tatu, na utamsikia sauti ikibadilika.

Wanaotaka kwenda kumwona, waambie bila kuona haya kwamba idadi ya watu ni njia ya vijidudu. Wodi ina sheria zake na ziheshimiwe. Mwenye mafua, kikohozi, kuhara au vidonda vya homa mdomoni asikaribie, hata awe bibi mzaa mama. Kunawa ni hadi viwiko, na simu ibaki mfukoni, kwa sababu ni chafu kuliko tunavyopenda kukubali. Picha za mtoto zisisambazwe isipokuwa wazazi wenyewe waseme.

Kuna maneno ambayo husemwa kwa nia njema yakamchoma mama. "Shukuru hata hivyo yuko hai." "Wewe bado kijana, utazaa wengine." "Wa fulani alikuwa mdogo kuliko huyu na sasa yuko shule." Hilo la mwisho linafariji siku nyingine, lakini siku mtoto wake anapozidiwa linamwambia kwamba wake ndiye aliyeshindwa. Baya kuliko yote ni "ulifanya nini?" Dada, mama wa njiti hulala na swali hilo bila kuulizwa na mtu. Anahesabu ndoo alizobeba, safari aliyoenda, ugomvi wa siku ile. Mwambie ukweli wa kitabibu: mtoto huzaliwa kabla ya siku zake kwa sababu ya maambukizi, presha ya ujauzito, chupa kupasuka mapema, mlango wa kizazi uliolegea, mapacha, na mara nyingi sana hakuna sababu inayopatikana. Kila mwaka ni takriban mtoto mmoja katika kila kumi duniani. Akilia, mwache alie. Useme, "Niko hapa," na ukae.

Shemeji yako anayenyamaza simchukulii kuwa mtu asiyejali. Huenda yeye ndiye aliyemwona mtoto wa kwanza, wakati mama bado yuko chumba cha upasuaji, akaonyeshwa kiumbe kidogo chenye mipira na kuambiwa asaini karatasi. Kisha watu wote wakaanza kumuuliza, "Mama anaendeleaje?" Hakuna aliyemuuliza habari zake. Mtafute peke yake, au mtume mwanamume anayemheshimu, aulizwe, "Na wewe, umelala?" Kisha wauguzi waombwe wamweke mtoto kifuani kwake. Nimewaona wanaume waliokuwa kimya kwa wiki mbili wakifungua vinywa wakiwa wamembeba mtoto, kwa kuwa pale hakuna anayewatazama usoni. Kuna baba na mama ambao huzuni hii huwageuka kuwa ugonjwa. Kama baada ya wiki mbili mmoja wao hapati usingizi hata akipata nafasi, hataki kula, hahisi kitu chochote kwa mtoto, au wakati wowote akitamka kwamba afadhali asingekuwapo, usingoje ipite yenyewe. Mwambie daktari siku hiyo, na usimwache peke yake.

Nitasema na lile ambalo hukuuliza. Watoto wa wiki 28 wengi huishi pale huduma inapokuwa kamili. Huduma inapopungua, wengi hawaishi. Mtoto akizidiwa, wazazi waambiwe ukweli na daktari, wakiwa pamoja, wameketi. Msiwafiche "ili wasiumie." Na ikiwa itafika mahali pa kuaga, wasinyimwe kumshika, kumwita kwa jina lake na kubaki naye kadiri wanavyotaka. Wazazi niliowaona wakifanyiwa hivyo walilia sana. Walionyimwa walirudi baada ya miaka kuuliza mtoto alifananaje.

Akitoka salama, msitawanyike siku hiyo. Wiki za kwanza nyumbani ni ngumu kwa namna nyingine, maana mama amezoea mashine imwambie kwamba mtoto anapumua. Kangaruu iendelee nyumbani, wageni wawe wachache, na pasiwe na moshi wa sigara wala wa jiko karibu yake. Akikataa kunyonya, akipumua haraka au mbavu zikibonyea, akiwa wa baridi au wa moto, akipata degedege, akibadilika kuwa wa manjano hadi viganjani au wa bluu mdomoni, arudishwe hospitali mara moja. Uchunguzi wa macho usikoswe. Huanza kati ya wiki ya 4 na ya 6 baada ya kuzaliwa, na anaweza kuufanyiwa akiwa bado wodini, ila mara nyingi huhitaji kurudiwa. Chanjo zake hufuata tarehe aliyozaliwa, lakini kukaa, kutambaa na kusema hupimwa kwa umri uliosahihishwa: mnapunguza zile wiki 12. Akitimiza miezi 6, mtarajieni kama wa miezi 3 na kidogo, na yeyote atakayemlinganisha na wa jirani wewe mkatize kabla maneno hayajamfikia mama.

Na ile hongera, dada, hujachelewa kuitoa. Ndugu wengi hunyamaza kama wewe, mama akaishia kujiona kama mtu ambaye hakuzaa. Mtumie leo kabla hajalala: "Hongera mdogo wangu kwa binti yetu. Mmempa jina gani? Kesho asubuhi naleta uji, naosha vyombo vya maziwa, na nikiruhusiwa nitakuja kukupokea ili ulale kidogo. Usijisumbue kunijibu."